Mama Yako Eko na Nani?



Wapendwa walei wenzangu, taarifa ya safari yetu ya utume mjini Bukavu iliandikwa zamani na katibu wetu, naye aliiandika vizuri. Inasema kwamba Julai 2018 tulikwenda wanachama saba, tukakaa siku kumi na mbili, tukapeleka masanduku manne ya vitabu vya sala na katekesi, tukaendesha semina tatu. Yote hayo ni kweli. Lakini liko jambo lililonipata mimi peke yangu, ambalo halikuweza kuingia katika taarifa ya chama, nami nimelibeba kimya kwa miaka. Mlezi wetu wa kiroho ameniomba niliandike, akisema kwamba ushuhuda uliofichwa haumnufaishi mtu, hata yule anayeuficha. Basi naandika.

Kwa miaka thelathini na mmoja, hadi nilipostaafu mwaka 2016, nilifundisha Kiswahili katika shule za sekondari. Kazi ya mwalimu wa lugha kwa sehemu kubwa ni kusahihisha, na kazi ikikaa na mtu muda mrefu humwingia mwilini. Nilisahihisha daftari za wanafunzi, kisha barua za majirani, kisha matangazo ya parokia, hata maombi ya waamini yaliyoandikwa kwa haraka kabla ya Misa. Wenzangu katika chama waliniita Kalamu Nyekundu, nami nilicheka pamoja nao. Sikuona ubaya wowote. Kosa ni kosa, na anayelisahihisha humsaidia aliyekosea, ndivyo nilivyoamini.

Mama yangu aliishi Muleba, katika nyumba tuliyozaliwa, akitunzwa na mdogo wangu wa mwisho. Alikuwa amepatwa na ugonjwa wa kusahau. Ulianza na mambo madogo: chumvi mara mbili katika mboga, ufunguo uliotafutwa siku nzima na kukutwa ndani ya kikapu cha maharage. Pasaka ya 2017 nilikwenda kumsalimu. Nilipoingia alifurahi sana, akaniita kwa jina la dada yake, mama yetu mkubwa, ambaye tulimzika miaka ishirini kabla. Nikamwambia, “Mama, mimi siye. Mama mkubwa alifariki. Mimi ni binti yako.” Akanitazama, akaniita tena jina lilelile. Nikamsahihisha tena. Mara ya tatu nilisema kwa sauti ya darasani, neno moja moja. Ndipo furaha ilipomtoka usoni. Akaanza kumlilia dada yake kana kwamba amefariki asubuhi ile, na mimi ndiye niliyemletea habari za msiba.

Mdogo wangu alinivuta jikoni, akaniambia kwa upole, “Dada, usimrekebishe. Mwitikie tu.” Nilimjibu kwamba siwezi kumdanganya mzazi wangu. Niliondoka siku mbili kabla ya siku niliyopanga. Tangu hapo nilituma fedha za matunzo kila mwezi kwa simu, na fedha hazikuchelewa hata mara moja. Nilijiambia kwamba nimeitimiza amri ya nne. Mwaka mmoja na miezi mitatu ikapita sijaiona Muleba.

Ilipotangazwa safari ya Bukavu, nilikuwa wa kwanza kuandikisha jina. Nabii Yona alipanda merikebu ili aukimbie utume. Mimi nilipanda basi kuelekea kwenye utume, na sikujua kwamba nami nilikuwa ninakimbia.

Tuliondoka Mwanza alfajiri, tukavuka kwa kivuko kutoka Kigongo hadi Busisi, tukapita Sengerema na Geita. Biharamulo basi lilisimama ili abiria wapate chakula. Kutoka hapo iko barabara inayokwenda kaskazini, Muleba na Bukoba. Mwenzangu mmoja aliyepajua kwetu aliniuliza kama mama hajambo. Nikasema hajambo. Nikajiambia kwamba nitapita kumwona wakati wa kurudi, kisha nikanunua ndizi za kuchoma na kupanda tena basi.

Tulivuka mpaka pale Rusumo, tukalala Kigali, na siku iliyofuata tukapita katika msitu wa Nyungwe hadi Kamembe. Jioni tulivuka daraja la mto Rusizi kwa miguu. Mto huo hutoka Ziwa Kivu na kuteremka hadi Ziwa Tanganyika, nao ndio mpaka wa Rwanda na Kongo mahali pale. Wanawake wengi walivuka pamoja nasi, nyanya na vitunguu kichwani, wakiharakisha kufika nyumbani kabla giza halijaingia. Hakuna aliyetushangaa. Kwao kuvuka mpaka ni kazi ya kila siku, si safari ya kuandikiwa taarifa.

Bukavu umejengwa juu ya rasi tano zinazoingia ziwani kama vidole vya mkono. Wabelgiji waliuita Costermansville. Kwa upande wa ziwa ni mji mzuri wa kuvutia macho, lakini sisi hatukupangiwa kwenye rasi. Tulipokelewa na parokia iliyoko Kadutu, juu mlimani, ambako nyumba zimebanana kwenye mteremko hata paa la jirani wa chini likalingana na kizingiti chako. Msimu wa mvua udongo huporomoka na mara nyingine huchukua nyumba pamoja na waliolala ndani. Sisi tulifika wakati wa kiangazi, wakati wa vumbi jekundu. Njiani tuliwapisha kina mama wanaobeba mizigo kwa ujira, gunia mgongoni na kamba ikipita kwenye paji la uso, wameinama hata hawaoni isipokuwa miguu yao wenyewe.

Kila mmoja wetu alipewa familia ya kukaa nayo. Mwenyeji wangu alikuwa mjane wa makamo, mama wa watoto watano, muuza sambaza katika soko la Kadutu. Sambaza ni samaki wadogo kama dagaa wetu. Usiku wa kwanza alinipikia hao kwa bugali, yaani ugali, na sombe, akanieleza kwamba asili ya samaki hao si Kivu. Waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. “Nao walikuja wageni kama wewe, mama mwalimu,” alisema akicheka, “lakini wao walibaki.” Nami nilicheka, bila kuhisi kwamba neno lile limeniingia.

Kazi niliyopewa ilikuwa kuwanoa wasomaji wa Masomo ya Misa. Siku ya kwanza ya semina nilimwomba kila mmoja ajitambulishe. Kijana mmoja alisimama kwa heshima akasema, “Mimi niko katekista.” Kalamu nyekundu ikaamka. Nilimweleza kwamba *niko* ni neno la mahali: niko nyumbani, niko safarini. Mtu akitaka kusema alivyo, aseme *mimi ni*. “Mimi ni katekista.” Akaandika katika daftari lake, akanishukuru: “Aksanti, mama mwalimu.” Aliyefuata akasema, “Mimi niko fundi wa mbao.” Nikasahihisha. Wa tatu akasema, “Mimi niko mama wa watoto sita.” Nikasahihisha. Hadi mchana walikuwa wamejua kanuni yote, na niliona kwamba sauti zao zimeshuka. Walisoma bila makosa, lakini walisoma kama watu walioazimwa nguo.

Jioni ya Jumatano mwenyeji wangu alinipeleka kwenye shirika. Ndivyo wanavyoiita kule jumuiya ndogo ndogo. Sisi wa Afrika Mashariki huona fahari tukikumbuka kwamba maaskofu wa AMECEA walizichagua jumuiya hizo mwaka 1973. Nilinyenyekea kidogo niliposikia kwamba maaskofu wa Kongo walikuwa wameichagua njia ya jumuiya hai tangu 1961. Tulikaa uani, wengine kwenye viti, wengine kwenye ngazi ya udongo. Baada ya Injili na maombi kiongozi aliuliza swali ambalo sikulitarajia katika sala:

“Bibi eko na nani leo?”

*Eko* kwao ni yuko. Mama mmoja akajibu, “Eko na mimi hadi saa nne.” Kijana akasema, “Kuanzia saa nne eko na mimi.” Kiongozi akaandika. “Na kesho?” Mwingine akanyosha mkono. Hivyo wakaimaliza wiki nzima, mchana na usiku, bila hotuba na bila kusifiana. Niliambiwa baadaye kwamba bibi huyo ni mwanashirika mzee sana, hawezi tena kutoka kitandani. Mume na wanawe wawili walitangulia mbele za haki, na binti yake mmoja alipotea katika vita ya 1996, watu walipoukimbia mji. Hakupatikana hai wala maiti. Kwa miaka mitatu bibi hakuwa amelala usiku hata mmoja peke yake.

Tuliporudi nyumbani mwenyeji wangu aliwasha jiko la makaa, kwa kuwa usiku wa Bukavu ni wa baridi, akaanza kuniuliza habari za kwetu. Aliuliza polepole, kama mtu anayechambua mchele.

“Mama yako eko?”

Nilielewa kwamba anauliza kama yu hai. “Yupo,” nilisema. “Yuko Muleba.”

“Eko na nani?”

Nilitaka kumwambia kuhusu fedha za kila mwezi. Nilitaka kumweleza juu ya ugonjwa, juu ya umbali. Lakini swali lake halikuuliza nani anamlipia. Liliuliza yuko na nani. Nikasema, “Yuko na mdogo wangu.”

“Na mdogo wako eko na nani?”

Sikujibu. Naye hakuongeza neno. Akageuza makaa kwa kijiti, akanitakia usiku mwema.

Ijumaa tulihiji katika Kanisa Kuu la Mama Yetu wa Amani, tukasali kwenye kaburi la Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa. Wengi wetu tulikuwa tumelisikia jina lake bila kujua habari zake. Alikuwa Mjesuiti, mwana wa Kivu, aliyekabidhiwa Jimbo Kuu la Bukavu mwaka 1994, mwaka uleule ambao wakimbizi kutoka Rwanda walimiminika katika mkoa huo kwa mamia ya maelfu. Aliwatetea raia na wakimbizi pamoja, kwa sauti ambayo wenye silaha wa pande zote hawakuipenda. Vita ilipoufikia mji, Oktoba 1996, wengi walikuwa wamekimbia. Yeye alibaki. Jioni ya tarehe 29 aliuawa na askari pale Nyawera, katikati ya mji.

Aliyemfuata, Askofu Mkuu Emmanuel Kataliko, alishika kiti hicho mwaka 1997. Naye alisema wazi juu ya mateso ya watu, na Februari 2000 waasi walioushika mji wakamzuia asirudi kwake, akalazimika kukaa Butembo, mbali kaskazini. Waumini walidai arudishwe. Alirudi Septemba, tarehe 4 Oktoba mwaka huohuo akafariki akiwa Roma. Mmoja aliuawa kwa sababu alibaki, na mwingine adhabu yake ilikuwa kunyimwa kubaki. Nilisimama pale nikifikiri: hata maadui walijua kwamba nguvu ya mchungaji iko katika kuwapo kwake.

Tuliposhuka hadi Nyawera nilimwuliza mwenyeji wangu anakumbuka nini juu ya siku zile. Nilitazamia anisimulie mahubiri. Alisema, “Nilikuwa na mimba ya mtoto wa pili. Risasi zililia. Watu walikuwa wanaulizana njiani, Askofu eko? Wakajibiwa, eko. Basi tukapata moyo wa kupika chakula.” Hakuongeza lolote. Pikipiki zilipita, watoto wa shule walivuka barabara, na mimi mwalimu wa lugha nilisimama nikilisikia neno moja dogo kana kwamba sijawahi kulifundisha.

Usiku ule niliomba kupewa zamu ya bibi.

Walinipangia Jumapili usiku. Nilijitayarisha kama anavyojitayarisha mtu wa semina: Rozari, kitabu cha Zaburi, mafuta ya kumpaka miguu, hata maneno ya faraja niliyoyapanga kichwani. Chumba kilikuwa kidogo, umeme ulikuwa umekatika, taa ndogo ya betri ikitoa mwanga hafifu. Bibi alikuwa mwepesi kama mtoto. Alisema Kimashi, na Kiswahili kidogo. Mimi ni Mhaya, na baadhi ya maneno ya Kimashi yalinigusa kama ndugu waliopotezana: *omwana* kwao ni mtoto, na kwetu pia ni mtoto. Nilianza Rozari. Alifuata makumi mawili, akachoka. Nilisoma Zaburi, akafumba macho. Maneno yangu ya faraja hayakupata pa kukaa. Mnamo saa saba usiku nilikuwa nimemaliza kila nilichokileta, na usiku ulikuwa bado mrefu.

Ndipo alipofumbua macho, akanitazama kwa muda, na uso wake ukafunguka. Akaniita jina. Halikuwa jina langu. Sikulielewa kwa mara ya kwanza. Mara ya pili nilielewa, kwa maana mwenyeji wangu alikuwa amenitajia jina la binti yule aliyepotea.

Ndugu zangu, nilijua sentensi iliyo sahihi. Ilikuwa tayari mdomoni: “Bibi, mimi siye.” Nilikuwa nimeisema Muleba mara tatu. Niliuona tena uso wa mama yangu siku ile ya Pasaka. Nikaelewa, nimechelewa mwaka mmoja na miezi mitatu, kwamba mama hakuwa amekosea somo. Alikuwa ameita, gizani, apate kujua kama kuna mtu. Nami, badala ya kumjibu kwamba kuna mtu, nilimweleza mimi ni nani.

Bibi aliita mara ya tatu, sasa kwa wasiwasi. Nikamshika mkono, nikasema, “Niko.”

Alishusha pumzi ndefu. Hakuuliza nilikuwa wapi miaka yote ile, wala kwa nini sikurudi. Aliushika mkono wangu hadi alfajiri, na kila alipoamka aliita, nami nikaitika neno hilohilo. Sikuwa na mafundisho, wala sala ya mdomo, wala kitabu. Katika maisha yangu ya ulei nimesema maneno mengi sana juu ya Mungu. Nadhani usiku ule, kwa neno moja ambalo mchana ningelipigia mstari mwekundu, ndipo nilipokaribia kuyamaanisha.

Mtu anaweza kuniuliza kama sikumdanganya mwanamke mzee. Nimejiuliza hivyo mara nyingi, na nimeungama mengi lakini hilo sikuweza kuliungama kama dhambi. Sikumwambia mimi ni binti yake. Nilimwambia niko, na nilikuwapo. Baadaye nilikumbuka kwamba katika Biblia yetu ya Kiswahili, jina ambalo Mungu alimpa Musa penye kile kichaka kilichowaka moto bila kuteketea limejengwa juu ya neno hilohilo, *niko*. Watu wa Bukavu hawakuharibu sarufi ya Kiswahili kama nilivyodhani. Katika lugha yao ya kila siku, wakisema hivyo mtu ni nani, husema pia kwamba yupo. Katekista *yuko* katekista. Mama *yuko* mama. Sisi wa Kiswahili sanifu tumepewa maneno mawili, nayo ni mazuri yote mawili. Lakini mimi niliyatumia kwa miaka kujigawa: nilikuwa *ni* binti bila *kuwako* kwa mama.

Siku ya mwisho ya semina nilimwomba yule katekista kijana ajitambulishe tena mbele ya wote. Akasema kwa uangalifu, “Mimi ni katekista.” Nikamwomba aseme kama wanavyosema nyumbani. Akasita, akaniangalia kama mtu anayeogopa mtego, kisha akasema kwa sauti kamili, “Mimi niko katekista.” Nikasema, “Uko kweli.” Walicheka, nami nikacheka. Masomo ya Misa tuliyasoma kwa Kiswahili sanifu kama yalivyoandikwa, maana hiyo ni haki ya msikilizaji. Lakini sauti zao zilikuwa zimerudi.

Wakati wa kurudi niliteremka Biharamulo na begi langu, nikawaaga wenzangu, nikatafuta gari la Muleba. Nilifika saa kumi jioni. Mdogo wangu alikuwa anafua. Alinitazama akanyamaza, kisha akaendelea kufua, na nilijua kwamba nimestahili ukimya ule. Nikaingia ndani. Mama alikuwa ameketi karibu na dirisha. Akageuka, akafurahi sana, akaniita kwa jina la dada yake.

Niliitika kwa Kihaya, kama watu wa Kadutu ambavyo wangeitika kwa lugha yao: niko.

Aliniketisha karibu yake. Tukazungumza habari za utoto wao, za mito waliyooga na migomba ya baba yao, mambo ambayo sikupata kuyasikia kamwe, kwa kuwa mama hawezi kuwasimulia wanawe yote anayomsimulia dada yake. Kisha akapunguza sauti, akaanza kunieleza juu ya watoto wake. Alipofika kwa binti yake mkubwa alisema, “Yule ni mwalimu, yuko Mwanza. Ana akili sana.” Akatazama mlangoni kama anayehakikisha kwamba hakuna anayesikiliza. “Ninampenda, lakini ninamwogopa kidogo. Ukimwombea, mwombee apumzike.”

Sikumsahihisha. Nilimwambia nitamwombea.

Tangu mwezi ule nilipanga na mdogo wangu, na kusema kweli nilianza kwa kumwomba msamaha: wiki mbili kila mwezi nilikaa mimi Muleba, ili naye apate kulala, kwenda sokoni, kuhudhuria jumuiya yake. Haikuwa kazi nyepesi. Ziko siku nilizochoka na kusema kwa ukali, na ziko usiku nilizotamani Mwanza. Mama alifariki wakati wa Majilio ya 2019. Hakuniita tena kwa jina langu hata mara moja, wala hakuna muujiza ninaoweza kuwasimulia. Lakini kila alipoita, mtu aliitika.

Februari 2025 tuliposikia kwamba wapiganaji wa M23 wameingia Bukavu, nilipiga simu kwa mwenyeji wangu siku kadhaa bila kupata. Nilipompata hatimaye nilikuwa na maswali mengi: je, mko salama, je, mna chakula, je, watoto? Mtandao ulikuwa mbaya, sauti ikikatika. Nilisikia neno moja tu kabla simu haijakatika, na nilimshukuru Mungu kwa hilo:

“Tuko, mama mwalimu. Tuko.”

Wapendwa, Baba Mtakatifu Pio wa Kumi na Moja alipomtangaza Mtakatifu Tereza wa Mtoto Yesu kuwa msimamizi wa misioni mwaka 1927, alimweka pamoja na Mtakatifu Fransisko Ksaveri: mmoja aliyezunguka nchi za mbali hadi kufa, na mwingine ambaye hakutoka katika monasteri yake ya Lisieux. Zamani niliona kwamba wa kwanza ndiye mmisionari hasa, na wa pili amepewa heshima. Sasa naona kwamba Kanisa lilitaka tusimtenganishe aendaye na abakiye. Chama chetu kitaendelea kutuma watu, na ninaomba kiendelee. Mungu alinipitisha nchi nyingine ili nifike kwetu. Lakini kabla hujaandikisha jina lako kwa safari ijayo, chukua jioni moja ya kimya, uyajibu mbele ya Sakramenti Takatifu maswali mawili ya mwuza sambaza wa Kadutu. Mama yako eko na nani? Na yule anayemtunza, eko na nani?

Ee Bwana, uliyejifunua kwa Musa kuwa Mungu uliyeko, na katika Mwanao ukaja kukaa kwetu, tupe neema ya kuwako pale ulipotuweka. Wasamehe wanaosahihisha kabla ya kuitika. Wakumbuke watu wa Bukavu, walio hai na waliolala, na wale ambao hadi leo majina yao yanaitwa usiku na hakuna anayejibu. Uwe wewe jibu lao. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.